Siku Nilipofunga Maji ya Boma la Songea

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa jembe wala ndoo. Nilipewa vikombe vitatu vya bati vilivyojaa maji, vimepangwa juu ya ubao nyuma ya boma la Wajerumani hapa Songea. Mbele yangu alisimama Fundi Mshamu, mtu wa Kilwa, mwembamba, kanzu ameikunja mpaka magotini. Akaniambia nichague kikombe ambacho ningempa mama yangu anywe.

Kwa macho, vyote vilikuwa safi. Nikanusa. Kimoja kilinuka majani yaliyooza, kwa mbali sana. Cha pili kilikuwa na harufu ya chuma. Cha tatu hakikunuka kitu chochote. Nikakinyanyua hicho cha tatu.

"Basi umemuua mama yako," Fundi akasema bila kucheka. "Hicho nimekiteka mtoni, chini ya pale wanapochinjia ng'ombe wa askari. Chenye harufu ya majani ndicho kimetoka Matogoro, kwenye chemchemi. Kijana, usiyaulize maji yanaonekanaje. Yaulize yamepita wapi."

Nilidhani nimefukuzwa kabla ya kuajiriwa. Nikaanza kuondoka. Fundi akaniita, akasema wenzangu wote walioletwa asubuhi ile walichagua kwa macho tu, mimi peke yangu nilikumbuka kwamba nina pua. Akanikabidhi brashi ya makumbi. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya maji, na sikutoka humo mpaka nywele ziliponigeuka mvi.

Jina langu ni Kassian. Kabla ya siku ile nilikuwa mpagazi. Vijana, mabomba ya chuma mliyoyakuta yamefukiwa ardhini, mkadhani yameota huko yenyewe, tuliyabeba sisi kutoka Lindi, watu wawili kwa bomba moja, kwa njia ya Tunduru, mabega yakiwa yamechubuka. Hatukuambiwa ni ya nini. Njia nzima tulibishana, wengine wakisema ni midomo ya mizinga, na kuna mwenzetu aliyeapa kwamba Wajerumani wanataka kupitisha moshi chini ya ardhi ili watutoe mapangoni. Nilipoona kwa mara ya kwanza maji yakitoka kwenye mdomo wa bomba lile nililokuwa nimelibeba mwenyewe, nililijua kwa alama ya kubonyea ubavuni, nikasimama nikiliangalia mpaka Fundi akanipigia makofi nirudi kazini.

Sasa niwaeleze kazi ilikuwaje, maana leo mtu akifungua bomba anaona maji tu, haoni mikono.

Mtambo wetu ulianzia Matogoro, mlimani, kwenye msitu. Pale palikuwa na banio, yaani kijiukuta cha mawe na chokaa kilichozuia kijito ili maji yaingie bombani badala ya kukimbilia bondeni. Kutoka hapo maji yaliteremka kwa mwendo wake mwenyewe mpaka kwenye tangi la kutulizia. Humo yalikaa kimya, na tope likazama chini. Kisha yakapita kwenye chujio. Chujio letu lilikuwa shimo kubwa lililojengewa mawe, chini kokoto kubwa, juu yake kokoto ndogo, juu yake mkaa, juu kabisa mchanga wa mtoni uliooshwa mara saba. Maji yaliingia juu, yakachujika polepole, yakatokea chini, ndipo yakaenda kwenye mabomba mawili. Moja lilikuwa ndani ya ua wa boma, lingine nje ya ukuta, kwa ajili ya watu wa mji.

Juu ya mchanga huota utando mwembamba unaoteleza kama ngozi ya samaki. Wiki yangu ya kwanza niliuona, nikauchukia, nikaukwangua wote kwa bidii nikitegemea kusifiwa. Fundi Mshamu alipofika alishika kichwa.

"Umelivua chujio nguo!" akapiga kelele. "Utando huo ndio unaokamata uchafu usioonekana. Mchanga peke yake ni mlango, utando ndio bawabu. Usiuguse mpaka maji yaanze kupita kwa shida, na hapo uondoe unene wa ukucha tu."

Siku nne zilizofuata tulimwaga maji yote yaliyopita, tukingoja utando uote upya. Bwana Mkubwa wa boma alinung'unika, Fundi akasema kosa ni lake. Hakunitaja. Nimefanya kazi chini ya mabwana wengi baada yake, Wajerumani na Waingereza, na kila mmoja nimempima kwa jambo lile.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Bwana Mganga, ndivyo tulivyomwita daktari wa Kijerumani. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini hakuficha elimu yake. Siku moja aliniita niangalie kwenye hadubini, chombo cha vioo kinachokuza vitu. Alikuwa ameweka tone la maji ya mtoni. Niliona vitu vikiogelea, vingine vya mviringo, vingine kama nyuzi, vinahangaika kama watu sokoni. Nikarudi nyuma.

"Bwana Mganga, hivi viko ndani ya maji yote?"

"Si yote. Vingi havina neno. Vingine vinaleta kuhara damu, vingine homa ya matumbo. Moto unaviua. Chujio la Mshamu linavipunguza. Uvivu wako unaviongeza."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu Agnesi. Tangu siku hiyo hakuna maji ya mtoni yaliyonyweka kwetu bila kuchemka. Majirani walimcheka, wakisema mke wa Kassian anapika maji kama maharage. Yeye akacheka nao, akaendelea kupika.

Mwaka uliofuata Fundi Mshamu alipewa ruhusa ya kwenda kwao Kilwa kuwaona wanawe. Aliniachia funguo na brashi, akasema atarudi kabla ya mvua. Hakurudi. Vita vya Maji Maji vilianza huko pwani akiwa njiani, na mpaka leo sijui kama alifika. Hivyo nikabaki peke yangu na mtambo wote, wakubwa wa boma wakisema ni kwa muda tu.

Vijana, mmesikia mengi juu ya dawa ya maji, jinsi ilivyoletwa Ungoni na watu wakaambiwa risasi zitageuka maji. Sitaisimulia hapa. Mimi nasimulia maji yangu. Ila fikirini ilivyokuwa kuwa mtunza maji wa boma siku zile. Sokoni nikipita watu walikatisha mazungumzo. Wazungu nao walianza kuniangalia mikono kila nilipokaribia tangi.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye banio nikitoa majani, nikamwona mjomba wangu, kaka yake mama, anatokea msituni. Mjomba Kapungu ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alikuwa amebeba furushi la majani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu." Akaliangalia banio kwa muda. "Maji yote ya boma yanapita hapa?"

"Yote."

Akalitua furushi karibu na mguu wangu. Nililijua kwa harufu kabla hajalifungua. Ulikuwa utupa, ule tunaoutwanga na kuutia kwenye vidimbwi vya mto ili samaki walewe waelee.

"Huu ni mwingi," akasema. "Na ninao mwingine. Ukitwangwa vizuri, wale walio ndani hawataweza kushika bunduki. Tutaingia kama tunaingia nyumbani."

"Mjomba, bomba la nje wanachota dada zako."

"Wataambiwa wasichote siku hiyo."

"Wakiambiwa wao, boma nalo litajua. Na wapagazi walioko ndani? Wapishi na watoto wao? Na wafungwa?"

"Hivi ni vita, Kassian."

"Basi kapigane, mjomba. Sitakuzuia, na sitafungua mdomo kwa mtu. Lakini maji haya sitayatia kitu."

Akanitazama machoni. "Umekuwa Mjerumani."

Niliwachukia Wajerumani kwa viboko vyao na kwa kazi ya kulazimishwa, kama alivyowachukia yeye. Mgongoni nilikuwa na makovu ya safari za mabomba. Ila sikuweza kumweleza kwamba tangu nichungulie kile kioo cha Bwana Mganga, nilikuwa nimejiapia jambo moja tu maishani, kwamba kinachopita mikononi mwangu kikienda kwenye mdomo wa mtu kitakuwa safi. Neno lile lingesikika la kitoto mbele ya mtu anayekwenda vitani.

Mjomba akalifunga furushi lake. "Ukisikia nimekufa," akasema, "usije kwenye kilio." Akarudi msituni. Nilikaa juu ya jiwe, nikalia. Kisha nikamaliza kutoa majani, kwa sababu banio lilikuwa linaziba.

Sikumsema. Nilikwenda kwenye banio kila siku, asubuhi na jioni, hata siku ambazo milio ya bunduki ilisikika, kwa kuogopa kwamba mwingine atakuja na furushi jingine asikute mtu wa kumkatalia.

Vita vilikwenda mlivyosikia. Dawa haikuzuia risasi. Halafu askari wakachoma mashamba na maghala, vijiji vikawa majivu, na njaa ikaingia. Watu waliobaki walisogea karibu na mji kutafuta chochote. Foleni ya bomba la nje ikawa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona. Wengine hawakuwa na chombo, walikinga kwa viganja.

Hapo ndipo lilipotokea lile ninalotaka mlijue.

Mateka wa vita walikuwa wengi, hawakutosha ndani ya boma. Shaushi, yaani sajini wa askari, alitafuta mahali pa kuwaweka. Akachagua uwanda mmoja mzuri wenye upepo, juu kidogo ya banio langu. Huko wakafungwa minyororo ya shingoni, makundi kwa makundi, pamoja na punda wa mizigo. Hawakuchimbiwa choo. Mtu aliyefungwa na wenzake kumi hawezi kwenda popote, hujisaidia alipo. Mvua za kwanza zikanyesha, zikasomba kila kitu, zikakileta kwenye kijito.

Siku ya pili baada ya mvua nililikuta chujio limegeuka. Ule utando ulikuwa mweusi, na ulitoa harufu ya yai viza. Nikajua bawabu ameshindwa. Maji yaliyotoka chini bado yalikuwa meupe, na mtu asiyejua angeyanywa kwa furaha. Nikakimbia kwa Shaushi. Alikuwa anakunywa kahawa mbele ya hema lake.

"Shaushi, kambi iko juu ya maji ya kunywa. Nakuomba uihamishe leo."

"Maji yanatembea," akasema. "Uchafu nao unatembea. Unakwenda zake."

"Unatembea kuja kwenye hicho kikombe chako."

Alicheka. "Nimekunywa maji ya madimbwi nchi nzima. Nenda kafagie tangi lako."

Bwana Mkubwa alikuwa kwenye msafara wa vita, mbali. Bwana Mganga alikuwa ameitwa upande wa ziwani kutibu majeruhi. Hakukuwa na mtu wa kumshitakia. Nikarudi kwenye chujio nikasimama. Nilijua la kufanya tangu nilipoliona, kilichonichelewesha ni woga tu.

Nikaifunga koki kubwa, ile iliyoruhusu maji kutoka kwenye chujio kwenda mabombani. Koki ile ilifungwa na kufunguliwa kwa mkono wa chuma unaochomoka. Nikauchomoa, nikaufukia mahali. Kisha nikaenda kwenye bomba la nje kuwakabili watu.

Wanawake walikuwa wamepanga mitungi yao. Bomba limekauka.

"Kassian, umetufungia?" akauliza mmoja. "Wametuchomea chakula, na wewe sasa unatunyima maji?"

"Maji haya yameharibika, mama. Yatawaua watoto. Nendeni kwenye chemchemi ya upande wa Mjimwema, na hayo pia myachemshe mpaka yatoe mapovu makubwa."

"Kuni ziko wapi? Nguvu za kutembea ziko wapi?"

Walinizomea. Mwanamke mmoja alinitupia kata ya kuchotea maji kichwani. Walisema kweli, walikuwa wamechoka. Ndipo Agnesi, aliyekuwa kwenye foleni kama wengine, akanyanyua mtungi wake kichwani.

"Mimi nakwenda Mjimwema," akasema kwa sauti. "Mume wangu ana makosa mengi, na mengine nitawasimulia njiani. Lakini kwenye maji hajawahi kunidanganya."

Akaanza kutembea. Wawili wakamfuata, halafu watano, halafu foleni nzima ikageuka. Sijawahi kumwambia kiasi gani nilimpenda wakati ule. Aliposikia nikisimulia habari hii mbele ya wageni, miaka mingi baadaye, alisema kwamba alikuwa amechoka tu kusimama.

Mchana askari walikosa maji ya kupikia. Nikaletwa mbele ya Shaushi.

"Mkono wa koki uko wapi?"

"Nitasema kambi ikihama."

"Mlazeni."

Nikalazwa kifudifudi uwanjani, nikapigwa hamsa ishirini. Vijana hamlijui neno hilo, na ni vizuri. Maana yake ni viboko ishirini na vitano vya ngozi ya kiboko, na anayepigwa hulazimishwa kuhesabu mwenyewe kwa sauti. Nilihesabu. Nilipofika ishirini na tano Shaushi akachuchumaa karibu na uso wangu.

"Uko wapi?"

Nikamwambia, "Ivunje koki kama unataka. Maji ya tangi yatamwagika yote, na fundi wa kuitengeneza yuko Lindi."

Sikuwa na uhakika kama nilichosema ni kweli. Mwishowe akatema mate, akaamuru askari wake wakachote mtoni, chini ya boma, mtoni kulekule ambako kijito changu kilimwagia. Nikawaambia wachemshe. Wachache walinisikiliza kwa sababu wake zao walikuwa wamekwenda Mjimwema na Agnesi. Wengine walisema hawaamriwi na mfagia tangi.

Haikupita wiki. Askari wakaanza kuhara damu, mmoja baada ya mwingine, na Shaushi mwenyewe akawa anatoka hemani ameinama kama kikongwe. Wengine walikufa. Katika zile nyumba zilizochota Mjimwema na kuchemsha, njaa ilikuwako, homa zilikuwako, lakini kuhara damu hakukuingia. Yule mwanamke aliyenitupia kata alipita nyumbani kwetu na kikapu cha uyoga. Alikiweka mlangoni, akaenda zake.

Bwana Mganga aliporudi aliyasikia yote kabla hajashuka kwenye nyumbu wake. Akaniita. Nilikwenda nikitembea upande upande, mgongo haujapona. Tukapanda pamoja mpaka kwenye chujio, akauangalia ule utando mweusi, akachukua maji kwenye chupa, akayatazama kwenye hadubini yake kwa muda mrefu.

"Nani alikuamuru ufunge?"

"Hakuna, Bwana Mganga."

"Nani alikufundisha?"

"Fundi Mshamu. Na wewe."

Akafuta kioo kwa kitambaa, akakifuta tena. Halafu akatoka, na nilimsikia akimfokea Shaushi kwa Kijerumani, maneno nisiyoyajua, ila sauti niliielewa. Jioni ileile kambi ilihamishwa ng'ambo ya mto, chini kabisa ya mji, vyoo vikachimbwa. Bwana Mganga akaagiza mateka nao wapewe maji yaliyochemshwa, kwa sababu, alisema, mgonjwa mmoja mwenye mnyororo anatosha kuugusa mji mzima. Akauliza nani atayapeleka. Nikasema mimi.

Nilifukua mkono wa koki baadaye, baada ya kuosha chujio lote na kubadilisha mchanga. Lakini siku ile ya kwanza nilibeba debe la maji yaliyochemka, nikapita kwenye minyororo mtu kwa mtu, nikiwanywesha kwa kata. Wengi walikuwa wamekonda kiasi kwamba sikuweza kuwatambua. Katika kundi la mwisho, mmoja akaishika kata kwa mikono miwili, akanywa, kisha akaniangalia juu ya ukingo wake.

"Mpwa wangu."

Nilikaa chini mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa kavu. "Tangu watulete hapa, maji gani tunakunywa?"

"Ya boma, mjomba. Kabla sijayafunga, mlikuwa mnaletewa ya bomba."

Akatazama chini. "Kumbe ningekunywa utupa wangu mwenyewe," akasema. "Mimi na hawa wote."

Nikamwongezea maji, akanywa tena.

Kuhusu wakubwa wetu walionyongwa hapa Songea, mengi yamesemwa na watu wenye haki zaidi ya kusema kuliko mimi. Nitasema nililoliona kwa macho yangu. Asubuhi ile waliomba maji. Nilichota mimi, na nilisafisha kikombe kwa majivu mpaka kikang'aa. Mzee mmoja kati yao, ambaye sikujua jina lake, alikipokea akaniuliza, "Ya wapi haya?"

"Ya Matogoro, baba."

"Basi ni yetu," akasema. Akayanywa polepole, yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyekaribishwa nyumbani.

Nimepewa barua za sifa katika maisha yangu ya kazi, Agnesi amezihifadhi sandukuni. Sizitoi mara kwa mara.

Mjomba Kapungu hakunyongwa. Alihukumiwa kazi ya mnyororo. Bwana Mganga alipoamua tulihamishe banio juu zaidi, kupita makazi yote, nilimwomba wafungwa wa kuchimba mtaro, na nikataja kundi lake. Alichimba vizuri. Baada ya kuachiwa alijenga huko huko Matogoro, na mtu yeyote aliyethubutu kuoga juu ya banio alifukuzwa na mzee mwenye alama ya mnyororo shingoni. Hakuwahi kuniomba radhi, nami sikuwahi kumwomba. Tulikunywa pombe yetu ya ugimbi pamoja mpaka alipofariki, na nilikwenda kwenye kilio chake.

Baadaye nilipelekwa Tunduru kwa miaka kadhaa. Huko hakuna mlima wa kukupa maji bure, watu walitegemea visima. Bwana wangu alikuwa Akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, mtu wa pwani aliyevaa koti hata wakati wa jua kali. Akaniagiza nizungukie visima vyote mpaka kusini huko Mbesa, nione vipi viko karibu na vyoo. Vilikuwa vingi. Nilipowaambia watu wafukie kisima na kuchimba kingine, walinipa uji, wakanisikiliza kwa adabu, na nilipoondoka wakaendelea kuchota palepale. Nilizungumza habari za vidudu vya hadubini mpaka nikachoka. Mwishowe mwalimu wa chuo cha Kurani katika kijiji kimoja aliniuliza umbali unaotakiwa. Nikampimia kwa hatua. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, aliwauliza waumini kama wanaridhika na udhu wa maji yanayopakana na choo. Jumamosi walikuwa wanachimba. Nilijifunza kwamba elimu yangu ilikuwa sahihi ila niliisema kwa lugha isiyokuwa yao.

Nilirudi Songea kabla ya vita vile vikubwa vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja, bendera ikabadilika asubuhi moja. Afisa wa Kiingereza alifika kwenye chujio akauliza kwa Kiswahili cha kubabaisha hapa mkubwa ni nani. Nilikuwa ndani ya shimo, mchanga umefika mapajani. Nikamwambia ni mimi. Alitaka kuona maji, nikampa kikombe, akanywa. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na kazi ikaendelea.

Nimestaafu sasa. Mkiniuliza ninajivunia nini, wengi hudhani nitataja viboko. Hapana, viboko alipiga mwingine. Ninajivunia zile asubuhi ambazo hazina hadithi, nilipopanda Matogoro kwenye ukungu, nikatoa majani, nikaosha mchanga, nikashuka, na mji ukanywa bila kujua kama nilikuwako. Kazi yetu ina tabia hiyo. Mgonjwa aliyepona humshukuru mganga wake. Ambaye hakuugua hana wa kumshukuru, kwa sababu hajui kilichompita. Ukitaka kusifiwa kila siku, usifanye kazi ya maji.

Wiki iliyopita Agnesi alikuwa na homa, nikaenda kuchota mwenyewe. Bomba la sokoni siku hizi lina sakafu ya saruji na koki tatu. Nilisimama kwenye foleni na ndoo yangu. Hakuna aliyenifahamu. Mama mmoja kijana, amejifunga mtoto mgongoni, alikuwa analalamika kwa nguvu kwamba asubuhi ile maji yamechelewa kidogo, na kwamba watu wa maji ni wavivu, wanakula mshahara bure. Nilitaka kumjibu. Zamu yake ikafika, akafungua koki, akamshusha mtoto, akakinga kiganja chini ya maji, akamnywesha papo hapo, bila kunusa, bila kuangalia, bila kufikiri chochote. Mtoto akakohoa, akacheka, akataka tena.

Nikasogeza ndoo yangu, nikasubiri zamu yangu.